Kusafiri kwa meli za mito ya Ulaya wakati wa milipuko ya maradhi na huduma pungufu: mwongozo kamili

Meli nyingi zinazobeba watalii katika mito ya Rhine, Main na Danube hazizidi mita 135 kwa urefu wala mita 11.4 hivi kwa upana. Sababu ni kwamba lazima zipenye katika malango ya maji, yaani vyumba vya zege vinavyoipandisha na kuishusha meli, na yale ya Mfereji wa Main-Danube, uliokamilika mwaka 1992, yana upana wa mita 12 tu. Ndani ya umbo hilo hukaa abiria kati ya 100 na 190, kwa kawaida wakiwa na ukumbi mmoja mkuu wa chakula na ukumbi mmoja wa kupumzikia, huku wafanyakazi wakilala katika vyumba vya pamoja sitaha ya chini. Kwa hiyo ugonjwa wa kuambukiza ukiingia melini huwafikia watu upesi, na wapishi au wahudumu wachache wakilala kitandani, huduma hupungua siku hiyohiyo.

Tofauti na meli kubwa za baharini, meli ya mtoni kwa kawaida haina daktari wala zahanati. Ina sanduku la huduma ya kwanza, wafanyakazi waliofundishwa misingi ya uokoaji, na simu. Hata hivyo, ina jambo moja ambalo meli ya baharini haina: nchi kavu iko umbali wa hatua chache, na karibu kila siku meli hufunga gati katika mji wenye duka la dawa, reli na hospitali. Mwongozo huu umejengwa juu ya tofauti hiyo. Anayeutegemea mji ulio ufukweni kuliko meli yenyewe hupanga safari yake vizuri zaidi.

Hatua ya kwanza: kuchagua msimu na mto

Norovirusi, virusi vinavyoleta kutapika na kuhara kwa ghafla, huenea zaidi Ulaya kati ya Novemba na Aprili, na mafua makali hufika kilele katika miezi ya baridi. Safari za kutembelea masoko ya Krismasi, zinazoanza mwishoni mwa Novemba, huangukia ndani ya kipindi hicho, na abiria wake hushinda vichochoroni katikati ya umati na kurudi kwenye ukumbi uliofungwa madirisha kwa sababu ya baridi. Kwa mzazi mwenye umri mkubwa, kisukari au pumu, singechagua Desemba hata kama bei imeshuka.

Maji nayo yana msimu wake, na ndiyo yanayosababisha mabadiliko mengi ya huduma ambayo wasafiri hudhani yametokana na uzembe. Mto Rhine hupungua mwishoni mwa kiangazi na katika majira ya vuli. Mahali panapoangaliwa zaidi ni Kaub, kati ya Mainz na Koblenz, ambapo Oktoba 2018 kipimo kilishuka hadi sentimita 25, na Agosti 2022 kikashuka tena hadi karibu sentimita 30. Namba hiyo isichukuliwe kuwa kina cha njia ya meli: kipimo cha sentimita 78 pale Kaub humaanisha kina cha kama mita 1.90, kwa hiyo kikisoma 40 bado kuna takriban mita moja na nusu. Katika Danube, sehemu nyeti ni kati ya Straubing na Vilshofen huko Bavaria, ambako mto bado unatiririka bila mabwawa. Maji yakizidi, tatizo huwa madaraja, kwa kuwa meli haiwezi tena kupita chini yake. Passau ilifurika Juni 2013 maji yakikaribia mita 13, na Septemba 2024 mafuriko yalizifunga meli gatini mjini Vienna kwa siku kadhaa.

Hakuna mwezi usio na hatari. Nusu ya pili ya Mei ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu msimu wa mafua umekwisha na ukame bado haujaingia. Wiki mbili kabla ya kuondoka, anza kufuatilia vipimo vya mito vinavyotolewa bure na mamlaka ya njia za maji ya Ujerumani kupitia huduma yake ya ELWIS.

Hatua ya pili: kuusoma mkataba kabla ya kulipa

Jambo la kwanza kuuliza ni nani mwandaaji wa safari kisheria, kwa maana wakala aliyekuuzia tiketi Nairobi au Dar es Salaam huenda akawa dalali tu. Ukinunua kutoka kwa mwandaaji wa Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, unalindwa na Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 kuhusu safari za kifurushi, yaani zile zinazouzwa zikiwa na usafiri, malazi na huduma nyingine kwa pamoja. Uingereza ina kanuni zake zinazofanana nalo. Ukinunua moja kwa moja kutoka kampuni ya Marekani, yawezekana ukabaki na masharti ya mkataba peke yake, nayo mara nyingi humpa mwenye meli uhuru mpana wa kubadilisha ratiba.

Chini ya Agizo hilo, msafiri anaweza kuvunja mkataba bila kulipa ada ikiwa mahali anapokwenda pametokea hali zisizoepukika na zisizo za kawaida ambazo zinaathiri safari kwa kiasi kikubwa, na fedha zake zirudishwe ndani ya siku 14. Mlipuko mkubwa wa ugonjwa unaweza kuwa hali ya namna hiyo, ila Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeweka mipaka ambayo wengi hawaijui. Katika hukumu mbili za tarehe 29 Februari 2024, ilisema kwamba hali zinazohesabiwa ni zile zilizokuwepo siku msafiri alipovunja mkataba, na kwamba jambo ambalo msafiri alilijua au angeweza kulitarajia alipokuwa akinunua haliwezi kudaiwa baadaye kuwa halikuwa la kawaida. Aliyejiondoa mapema kwa hofu, kisha safari ikafutwa na mwandaaji wiki chache baadaye, hawezi kutumia kufutwa huko kudai ada aliyokatwa. Kadhalika, anayenunua leo huku habari za mlipuko zimeenea hawezi kuutumia mlipuko uleule kujitoa, isipokuwa hali imebadilika sana tangu hapo.

Kwa hiyo usikimbilie kughairi. Chukua jedwali la ada lililo katika mkataba, uone tarehe ambayo ada inapanda, kisha uamue katika siku za mwisho kabla ya tarehe hiyo ukiwa na taarifa mpya kabisa.

Ugonjwa wako mwenyewe hauhesabiwi kuwa hali isiyo ya kawaida. Ukiugua nyumbani kabla ya safari, kinachokusaidia ni bima, au haki nyingine isiyotajwa sana: unaweza kumhamishia mtu mwingine nafasi yako kwa kumwarifu mwandaaji angalau siku saba kabla ya kuanza safari na kulipa gharama halisi za uhamisho. Kwa familia inayoishi Ulaya hili ni rahisi, lakini kwa anayetoka Afrika Mashariki litafanikiwa tu kama huyo ndugu tayari ana viza.

Kabla ya kuondoka, mwandikie pia mwandaaji kumweleza hali ya afya ya msafiri anayehitaji uangalizi. Msafiri akishindwa kurudi nyumbani kwa sababu ya hali zisizoepukika, mwandaaji hulazimika kulipia malazi yake kwa usiku usiozidi mitatu. Ukomo huo hauwahusu wajawazito, wenye ulemavu wa kutembea pamoja na wanaofuatana nao, wala wanaohitaji huduma maalumu ya kitabibu, mradi mwandaaji ameelezwa hali hiyo saa 48 kabla ya safari kuanza. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha.

Hatua ya tatu: bima na viza

Bima inayotakiwa kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, lazima ifikie angalau euro 30,000 na igharimie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Hapo ndipo inapoishia kwa kawaida. Haiwajibiki kwa siku ulizofungiwa chumbani, hoteli uliyolala baada ya kushushwa melini, tiketi mpya ya ndege, wala safari iliyokatika. Mwulize muuzaji wa bima kwa maandishi: je, inalipa nikitengwa kwa amri ya nahodha bila kulazwa hospitali? Je, safari ya meli ya mtoni inahitaji nyongeza? Je, inagharimia ndugu mmoja abaki na mgonjwa? Maradhi ya zamani kama kisukari na shinikizo la damu yatajwe yote, kwa maana yakifichwa ndiyo huwa sababu ya kwanza ya kunyimwa malipo.

Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya, kadi ya bima ya afya ya Ulaya ni msaada mkubwa lakini ina pengo linalogusa safari hizi moja kwa moja. Raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya wanaoishi, tuseme, Ujerumani, hawawezi kuitumia kadi hiyo Uswisi, na safari nyingi za Rhine huanza au kuishia Basel. Aliyebaki na pasi ya Tanzania au Kenya anunue bima binafsi hata kama kadi iko mfukoni. Belgrade nayo ni kituo maarufu cha Danube, lakini Serbia iko nje ya Schengen, kwa hiyo hakikisha bima yako inaitaja kwa jina.

Viza iombwe mapema. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki siku chini ya 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ubalozi unaohusika ni wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo hesabu usiku baada ya usiku ukiwa na ratiba ya meli mkononi. Ikiwa meli inatoka Budapest kwenda Belgrade kisha inaingia Bulgaria au Romania, ambazo ziko ndani ya Schengen kikamilifu tangu Januari 2025, utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Omba siku za ziada juu ya ratiba, ukieleza kwamba meli huchelewa kwa sababu ya maji.

Ukilazwa na viza ikakaribia kwisha, usikae kimya. Kanuni za viza za Schengen zinaruhusu kuongezewa muda bila malipo kwa sababu za kibinadamu au dharura isiyozuilika. Peleka cheti cha daktari kwenye ofisi ya wageni ya mji husika kabla viza haijakwisha.

Hatua ya nne: mwili na mkoba

Chanjo ya mafua ichomwe angalau wiki mbili kabla, na ya UVIKO-19 kulingana na ushauri wa daktari wako. Norovirusi haina chanjo ya kununuliwa, na hapo ndipo sabuni inaposhinda. Vitakasa mikono vya spiriti vinavyowekwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula haviviui virusi hivyo ipasavyo. Nawa kwa sabuni na maji kwa sekunde 20 chumbani mwako, kisha ndipo uende mezani.

Katika mkoba wa mkononi weka dawa zako za kila siku za kutosha safari na siku kumi zaidi, cheti cha daktari chenye majina ya kitabibu ya dawa hizo, kipimajoto, pakiti kadhaa za ORS, vipimo vya haraka vya UVIKO na mafua, na barakoa za daraja la FFP2. Paracetamol nayo ibebwe, kwa sababu Ujerumani huuzwa katika maduka ya dawa tu, na Jumapili hufunguliwa yale yaliyo zamu peke yake. Anayetumia metformin, insulini au dawa za kuongeza mkojo amwulize daktari wake mapema afanye nini siku atakapotapika na kushindwa kula, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huwa hatari mwili ukikaukiwa.

Fika mji wa kuanzia siku mbili kabla ya meli kuondoka. Norovirusi hujitokeza baada ya saa 12 hadi 48, na mafua mara nyingi baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo ulichokiokota ndani ya ndege kitaonekana ukiwa hotelini Amsterdam au Budapest, ambako ni rahisi zaidi kuamua la kufanya.

Hatua ya tano: siku ya kwanza melini

Ukiweza, chagua chumba chenye mlango wa kioo unaofunguka. Vyumba vya sitaha ya chini vina madirisha madogo yasiyofunguka, yaliyo karibu na usawa wa maji, na kufungiwa humo kwa siku mbili ni adhabu. Ukifika, acha bafu litiririshe maji ya moto kwa dakika chache ukiwa nje ya chumba hicho, hasa kama meli ilikuwa imelala bila abiria, kwa sababu bakteria wa lejionela hukaa katika mabomba yaliyotuama na huingia mapafuni kupitia mvuke.

Nenda mapokezi ukaulize ni nani anayeitwa mtu akiugua usiku, ni vyumba vingapi vitupu vinavyoweza kutumika kuwatenga wagonjwa, na mgonjwa husafirishwaje siku ya kubadilishana meli. Hili la mwisho lina uzito. Maji yakipungua, makampuni huwashusha abiria, huwapandisha basi, na kuwaingiza katika meli nyingine inayofanana upande wa pili wa sehemu iliyokwama, na mwenye homa hawezi kuketi saa nne katika basi pamoja na watu hamsini.

Andika katika daftari miji ya ratiba yako yenye hospitali za chuo kikuu: Köln, Mainz, Strasbourg, Würzburg, Regensburg, Linz, Vienna, Budapest. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Serbia gari la wagonjwa huitwa kwa 194. Ujerumani, kwa ugonjwa usiotishia maisha nje ya saa za kazi, piga 116117.

Hatua ya sita: ukiugua

Toa taarifa mapema. Wapo wanaojificha wakiogopa kufungiwa, na hao ndio hugeuza ugonjwa wa watu wawili kuwa wa sitaha nzima. Anayetapika au kuhara akae chumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili ya mwisho, aletewe chakula mlangoni, na kama inawezekana mwenzake ahamishwe. Aombe usafi wa choo na vitasa kwa dawa ya klorini. Anywe ORS kidogo kidogo, na asitumie dawa ya kufunga tumbo ikiwa kuna damu au homa kali.

Daktari aitwe au mgonjwa ashushwe mara moja ikiwa anachanganyikiwa, anapumua kwa shida, ana maumivu ya kifua, hajakojoa kwa saa nyingi, au hawezi kubakiza maji tumboni. Usikubali kuambiwa msubiri hadi mji wa kesho. Piga simu ya bima kabla ya kulazwa kama hali inaruhusu, nao wakupe namba ya kumbukumbu.

Msafiri aliyetoka Afrika Mashariki katika miezi ya karibuni ana neno moja la kusema kabla ya mengine yote: malaria. Daktari wa mji mdogo wa Ulaya anayeona homa, baridi na kuumwa kichwa katikati ya mlipuko wa mafua atafikiria mafua, na hataagiza kipimo cha damu asipoambiwa. Mwambie ulitoka nchi gani, tarehe gani, na umwombe kipimo siku hiyohiyo. Mwenye selimundu naye aseme mapema.

Kushushwa melini hakumaanishi kuipoteza safari yote. Meli huenda polepole, na reli hufuata mto kwa sehemu kubwa. Kutoka Passau hadi Vienna, au kutoka Vienna hadi Budapest, treni huchukua chini ya saa tatu. Aliyepona baada ya siku mbili hotelini anaweza kuikuta meli mbele, mradi amekubaliana na meneja wa safari kwa maandishi kuhusu gati na saa.

Hatua ya saba: huduma zikipungua

Hapa busara inahitajika, kwa sababu si kila upungufu ni hasara. Bufee ikiondolewa na wahudumu wakaanza kukupakulia, shukuru. Hiyo ni kinga. Shuka kutobadilishwa kila siku ni jambo dogo. Lakini miji iliyoahidiwa ikirukwa, usiku uliotakiwa kuwa mtoni ukawa gatini au hotelini, meli ikabadilishwa na nyingine ya daraja la chini, au matembezi uliyolipia yakafutwa, hapo mkataba umepungua na una haki ya punguzo la bei.

Punguzo hilo halitegemei kosa la mtu. Tarehe 12 Januari 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata hatua zilizowekwa na serikali kuzuia ugonjwa, ambazo mwandaaji hakuwa na uwezo nazo, hazimwondolei wajibu wa kupunguza bei pale huduma zilizoahidiwa zinapokosekana. Fidia ya usumbufu ni jambo jingine, nayo hukataliwa chanzo kikiwa ni hali isiyoepukika. Ukidai vyote viwili kwa barua moja, vitenganishe.

Malalamiko yatolewe ukiwa bado melini. Chini ya sheria ya Ujerumani, msafiri asiyetoa taarifa ya upungufu bila kuchelewa anaweza kupoteza punguzo. Mwandikie meneja wa safari barua fupi yenye tarehe, ukitaja kilichoahidiwa, kilichotolewa, na unachoomba kifanyike, kisha mwombe atie saini kwamba ameipokea. Akikataa, piga picha ya barua na uitume pia kwa barua pepe kwa mwandaaji. Hifadhi karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni, kwa kuwa ndiyo ushahidi bora kuliko picha mia za ukumbi mtupu. Kiasi cha kudai kianzie kwenye bei ya siku: safari ya usiku saba ya euro 2,100 ni euro 300 kwa siku, na siku ambayo mji mkuu wa ratiba ulirukwa inaweza kudaiwa sehemu ya hizo 300.

Bakshishi isiwe mahali pa kutolea hasira. Mhudumu aliyebaki na afya ndiye anayebeba kazi za wenzake waliolala.

Hatua ya nane: baada ya kurudi

Tuma dai lako kwa mwandaaji ndani ya wiki chache, likiwa na nakala za mkataba, ratiba za kila siku, barua uliyoitoa melini na stakabadhi. Kwa mikataba ya Ujerumani haki hiyo hukoma baada ya miaka miwili tangu siku safari ilipotakiwa kumalizika. Dai la bima liende kando, na lisingoje jibu la mwandaaji. Ukipewa vocha badala ya fedha kwa safari iliyofutwa, huna wajibu wa kuikubali.

Endelea kuusikiliza mwili kwa wiki mbili. Homa ya mapafu ya lejionela huweza kujitokeza kati ya siku mbili na kumi baada ya kuvuta mvuke, wakati mwingine hata baada ya hapo, na daktari wa Mombasa au Bujumbura hana sababu ya kuifikiria asipoambiwa. Ukianza kukohoa na kupata homa, mweleze kwamba ulilala melini na kuoga katika bafu lake, na umwombe kipimo cha mkojo cha lejionela pamoja na picha ya kifua.